Msiba wa Kobe

Siku Matroni alipoandika kwamba safari hii anataka kumshika Kobe mkono, Fundi alikuwa na chai mdomoni, na chai yote iliishia kwenye kibodi.

Si kwamba ombi lilikuwa baya. Matroni alikuwa mwenyekiti wa chama cha hospitali, mama mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, na alikuwa ameandika kwa heshima zote. Wanachama wangekutana Alhamisi kwenye ukumbi wa hospitali yake, waamue kama wataendelea kutumia Zamu au wataitupa na kuchukua programu ya kampuni fulani, ile ambayo hakuna anayeruhusiwa kuchungulia ndani yake. Kabla ya kupiga kura walitaka kuwaona watunzaji wa Zamu kwa macho. "Wewe na Kobe," aliandika. "Msikose hata mmoja. Kitu cha kutunzwa na mtu mmoja hatukitaki. Huyo mmoja akishikwa na mafua, wauguzi wangu watajuaje nani anaingia kazini?"

Tatizo lilikuwa dogo tu. Kobe hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Kobe alikuwa Fundi mwenyewe.

Zamu, kama jina lake, ni programu ya kupanga zamu. Unaiambia una wauguzi kadhaa, huyu ana mtoto mchanga, yule hawezi kukesha Ijumaa, wale wawili wasiwekwe pamoja kwa sababu wanazozijua wenyewe, nayo inakupangia mwezi mzima bila kumpendelea mtu. Fundi aliianza kwa ajili ya zahanati alikokuwa akifanya kazi dada yake. Ilipokamilika akaiweka mtandaoni iwe huria: msimbo wake wote uko wazi, anayetaka auchukue, ausome, autumie, na mwenye ujuzi akiona pametoboka atume kiraka. Wakaichukua kweli. Hospitali zikaichukua, viwanda vya mikate vikaichukua, vituo vya zimamoto, hata kwaya moja iliyokuwa karibu kuvunjika kwa ugomvi wa nani asimame mbele. Watumiaji wakawa kama siafu. Mtunzaji akabaki mmoja.

Hospitali zikaanza kuuliza, "Kazi yako inakaguliwa na nani?" Fundi hakuwa na jibu, na kwa kuwa hakuwa na jibu akafungua akaunti. Akaipa jina Kobe, picha ya gamba, na maelezo mafupi: mtunzaji wa pili, mkaguzi. Kisha akaandika kanuni kwa herufi nene, kwamba hakuna kiraka kitakachoingia kwenye Zamu mpaka kikubaliwe na Fundi na Kobe, wote wawili. Neno la siri akaliweka "polepole", maana jingine lolote angelisahau.

Kobe alimnogea kuliko alivyotarajia. Fundi ni mtu wa haraka na wa maneno mengi, kwa hiyo Kobe akawa wa maneno machache na mkali kama pilipili. "Rudia." "Nani amekutuma?" "Leo inafanya kazi. Kesho je?" Ili watu wasishuku, Fundi alikuwa akigombana naye hadharani kwenye baraza, ule ukurasa wa mtandaoni ambako watumiaji wa Zamu waliuliza maswali yao. Kuna wakati waligombana juma zima, Fundi akashindwa, akanuna kwelikweli, akamwambia mama yake kwamba kazini kuna mtu anamdharau. Na watu walimpenda Kobe, usiseme! Kiwanda kimoja cha mikate kilimpa paka wake jina hilo. Dada mmoja wa zimamoto aliuliza barazani, kwa adabu zake zote, kama Kobe ameoa.

Sasa mtu atauliza: katika umati wote huo hakutokea hata mmoja wa kumsaidia kweli? Walitokea, tena wazuri. Ila Fundi alikuwa na ugonjwa, ugonjwa wa mafundi wa aina yake. Ukimletea kiraka alikushukuru, akakusifu mpaka ukaona haya, kisha akakifumua chote na kukishona upya kwa mkono wake, eti majina uliyotumia hayakumpendeza, au umeacha nafasi pasipostahili. Ukija kukitazama kimeingia, si chako tena. Watu wana moyo wa nyama; mara ya pili hawarudi. Aliyeendelea kurudi ni mmoja, mwalimu wa hesabu wa sekondari aliyejiita Mwalimu barazani, mtu asiyejua kununa. Alifumuliwa, akacheka, akatuma vingine. Msimbo wake ulikuwa sahihi, lakini aliuandika kama mtu anayeandika ubaoni darasa likipiga kelele. Kila alipohitaji jina la kitu alikiita kuku. Kuku. Kuku wa pili. Kuku mkubwa. Fundi akiona kuku ndani ya Zamu yake aliwashwa mwili mzima.

Miezi ya karibuni, hata hivyo, kulikuwa na maajabu. Fundi aliamka akakuta viraka vya Mwalimu vimeshakubaliwa na Kobe, na yeye hakumbuki kuvikubali. Akajiambia ni uchovu, maana siku hizo hata mboga alikuwa akiitia chumvi mara mbili. Na kama Kobe amekubali, basi amesoma, na Kobe si mtu wa kuchezewa. Fundi naye akabonyeza Kubali bila kufumua, na kuku wakaingia. Si hilo tu. Kobe alianza kuwa mpole. Mpishi mmoja wa mikate alipolalamika kwamba ratiba yake imegoma, Kobe alimjibu: "Pole mwanangu. Umekula? Zima mashine, kunywa maji, kisha washa." Fundi alilisoma jibu hilo akaona haya kwa wema wake mwenyewe. Kumbe ndani yangu kuna mtu mzuri, alifikiri.

Ndipo ukaja ujumbe wa Matroni, na chai ikamwagika.

"Kuna nini huko?" Mama aliuliza kutoka jikoni. Mama alikuwa amekaa mapokezi ya ofisi ya bima mpaka akastaafu, na tangu ahamie kwa binti yake hakuna kilichomwagika ndani ya nyumba ile bila yeye kusikia.

"Kazini wanataka kumwona mtu ambaye hayupo."

"Waambie yuko kwenye kikao. Mimi miaka yote nilikuwa nawaambia yuko kwenye kikao."

Fundi alianza na wazo la kumkodi mtu. Shemeji yake, mume wa dada, alikuwa na mwili wa kutulia na ndevu zenye heshima, na duka lake la magodoro halikuwa na wateja wengi katikati ya juma. Wakakaa sebuleni kufanya mazoezi.

"Shemeji, wewe ni mtu wa maneno machache."

"Haya."

"Wakikuuliza kuhusu Zamu, utasemaje?"

"Nitawaambia ni imara, haibonyei, na tunakufikishia mpaka mlangoni."

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Wakaanza upya. "Sema, Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hapana, wewe ndiye unayesema Rudia. Kwa ukali."

"Shemeji yangu," alisema yule bwana, ameshika ndevu, "mimi nikianza kuwakaripia watu, wapwa zako watakula nini?"

Mpango huo ukafia sebuleni. Fundi akaamua kwamba Kobe amesafiri, basi. Watu husafiri. Alhamisi akavaa gauni lake la kijani, akaacha kompyuta yake wazi mezani kama kawaida yake, maana ukumbini wana yao, akaondoka akiomba safari ya Kobe isiulizwe maswali.

Mlangoni mwa ukumbi alimkumbatia mtu ambaye hakumjua, yaani yeye ndiye aliyekumbatiwa. Alikuwa bwana mnene mwenye miwani na shati la rangi ya chungwa lililojaa kasuku.

"Fundi! Mimi Mwalimu! Wa kuku!"

"Mwalimu! Umekuja?"

"Shule zimefungwa, nikasema hii sikosi. Na kusema kweli nimekuja kumwona Kobe hasa," alisema Mwalimu, na jicho lake moja likacheza nyuma ya miwani. Fundi hakuwa na muda wa kulifikiria jicho hilo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikigonga kitu kila ilipozunguka, projekta juu ya meza, na safu kwa safu za wauguzi waliotoka zamu na wengine waliokuwa wakielekea zamu. Fundi akafungua ukurasa wa baraza ukaonekana ukutani, ili wajionee wenyewe jinsi watu wanavyouliza na kujibiwa, akaeleza kuhusu Zamu kwa maneno matamu. Watu wakapiga makofi. Matroni akasimama.

"Tunakushukuru, Fundi. Na Kobe yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Aa, bahati mbaya. Basi tumpigie simu, tumsikie sauti tu."

"Alikokwenda hakuna mtandao."

"Lakini jana jioni si amemjibu mtu barazani? Nimesoma mwenyewe."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Alijibu, halafu akaugua."

"Anaumwa nini?"

Swali hilo halikuulizwa na Matroni peke yake. Liliulizwa na ukumbi mzima kwa mpigo, maana ukumbi mzima ulikuwa wauguzi.

"Tumbo," alisema Fundi.

"Upande gani?" aliuliza wa mbele.

"Wa kulia."

"Juu au chini?"

"Chini."

"Kidole tumbo hicho!" alipiga kelele mmoja wa katikati. "Anatapika? Ana homa?" Mwingine akasema asipewe chakula, mwingine akasema asikandwe, na Matroni alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

"Nina gari la wagonjwa hapo nje," alisema. "Nielekeze aliko. Sasa hivi."

Njia ya mwongo ni fupi, na Fundi aliuona mwisho wake mbele ya pua. Gari la wagonjwa lingetoka na ving'ora kwenda kumchukua mtu asiyekuwepo, huku wagonjwa wa kweli wakilisubiri. Alitafuta neno moja la kulizuia gari lile, na neno pekee lililomjia lilikuwa hili:

"Amefariki."

Feni ikagonga, ikagonga tena. Matroni aliiweka simu chini taratibu.

"Lini?"

"Asubuhi."

"Na wewe ukaja kazini," alisema Matroni, na sauti yake nene ikapasuka katikati. "Maskini. Wapendwa, tusimame. Tumpe Kobe dakika yake."

Viti vikakwaruza sakafu, ukumbi mzima ukasimama na kuinamisha vichwa. Muuguzi wa mbele alipenga kamasi. Fundi aliinama pamoja nao na, ajabu ya maajabu, machozi yakamjaa. Kobe! Aliyegombana naye juma zima! Aliyekuwa akisoma kila mstari wake, hata kama alikuwa akiusoma kwa macho yake yeye! Hakuwa na mwenzake mwingine katika kazi ile, na sasa amemuua kwa mdomo wake mbele za watu. Lilimchoma.

Ting, ikalia kompyuta.

Waliofumbua macho waliona ukutani swali jipya kutoka kwa mpishi wa mikate: "Jamani, ratiba yangu imegoma tena." Chini yake pakatokea maneno ya kijivu: Kobe anaandika.

Ting.

"Pole mwanangu," aliandika marehemu. "Umekula?"

Muuguzi wa mbele alipiga ukelele uliosikika mpaka wodini. Kiti kikaanguka. Wawili wakakumbatiana, mmoja akakimbilia mlangoni, akakumbuka mkoba, akaurudia. Na kule nyuma, Mwalimu alikuwa amepanda juu ya kiti na kasuku wake wote, ameunyooshea ukuta kidole.

"Huyo si mimi!" alipiga kelele. "Mimi niko hapa!"

"Wala si mimi!" alipiga kelele Fundi.

Wakatazamana, kila mmoja akisikia alichosema mwenzake na kuchelewa kusikia alichosema yeye mwenyewe.

"Kaeni," alisema Matroni. Watu waliozoea kuwatuliza wagonjwa wa nusu kaputi wana sauti yao, na ukumbi ulikaa. "Wewe wa kasuku. Anza."

Mwalimu alishuka kitini. Hakuwa mtu wa kutafuna maneno. "Mimi ni Kobe. Si mwanzo, mwanzo alikuwa Fundi, hilo nililijua zamani. Fundi na Kobe wote wawili wanakosea kuweka mkato mahali palepale. Neno la siri la kobe litakuwa nini kama si polepole? Nikajaribu, nikaingia."

"Ukaingia kwenye programu ya hospitali," alisema Matroni, akifunika uso kwa kiganja. "Kwa kukisia."

"Mara ya kwanza tu."

"Lakini kwa nini?" aliuliza Fundi.

"Kwa sababu kila nilichokuletea ulikifumua. Nikatazama nikaona kuna mtu mmoja tu duniani ambaye Fundi akiona amekubali, naye anakubali. Humwamini mtu mwingine zaidi ya Kobe. Basi nikasema niwe Kobe." Alikuwa anacheka alipoisema, maana ndivyo alivyo, lakini Fundi alilisikia neno hilo likimwingia mahali pabichi.

"Kwa hiyo huyu alijikagua mwenyewe," alisema Matroni polepole, "na huyu naye alijikagua mwenyewe. Na hapo ukutani, anayeandika sasa hivi ni nani?"

Wote wakageuka. Marehemu alikuwa anaendelea bila wasiwasi. "Zima, kunywa maji, washa," alimwandikia mpishi wa mikate. "Ikikataa, nitamwambia Fundi. Kwa sasa yuko kwenye kikao."

"Mungu wangu," alisema Fundi. "Mama."

Matroni akamwamuru apige simu na kuiweka kwenye spika. Iliita kidogo.

"Fanya haraka," ilisema sauti ya Mama, "nina mtu kwenye foleni."

"Mama, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi? Niko mezani kwako, nafanya kazi yako."

"Mama, wewe ndiye Kobe?"

"Kobe si jina la ofisi? Mimi kule bima nilikuwa naitwa Huduma kwa Wateja, na aliyenizaa hakuniita hivyo. Wewe unaingia bafuni hutoki, watu wanalia huku. Niwaache wanalia?"

"Majibu umeyajuaje?"

"Nasoma uliyowajibu wa nyuma. Wanauliza yaleyale, mwanangu. Ni wewe tu unayedhani kila swali limezaliwa leo."

Kicheko kilianzia safu ya katikati, kikaruka kwenda nyuma, kikarudi mbele na nguvu zaidi. Muuguzi aliyepenga kamasi kwa ajili ya Kobe sasa alikuwa anapenga kwa kucheka. Mtu mmoja alipiga paja la jirani yake mpaka jirani akasogea. Matroni peke yake hakucheka. Alisubiri mpaka wakakaukiwa.

"Fundi, umetudanganya," alisema. "Umetuandikia watu wawili, ukatuletea nusu. Umemuua mtu mbele ya ukumbi wa wauguzi, na hata ugonjwa wenyewe hukumpa wa maana, hakuna anayekufa na kidole tumbo kwa kasi ile." Hapo mdomo wake ukacheza, akaung'ata, ukamshinda, akacheka mpaka akashika meza, na ilibidi watu wamngoje yeye. Alipopata pumzi alikuwa ameshakuwa mwenyekiti tena. "Lakini swali langu ni lilelile, na kura iko palepale. Wewe ukishikwa na mafua, nani?"

Fundi alimtazama Mwalimu. Aliitazama simu mezani, ambamo Mama alikuwa anasikika akigonga kibodi. "Hawa," alisema.

"Hawa unawafumua. Kuna kiraka tunakisubiri, kile cha watu kubadilishana zamu, ili muuguzi akimsaidia mwenzake asipoteze siku yake ya kupumzika. Tumeahidiwa mpaka tumechoka. Kiko wapi?"

"Kipo. Mwalimu alikituma."

"Lini?"

"Kitambo, kabla hajawa Kobe."

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya," alisema Fundi. "Ninakirekebisha."

"Kama kinafanya kazi, unarekebisha nini?"

Hakuna namna ya kulisema jambo lile likasikika vizuri.

"Kuku," alisema Fundi.

Matroni hakuelewa, wala hakuomba kuelezwa. Alivuta kiti, akaketi, akakunja mikono. "Kifungue hapo ukutani. Huyu asijikague tena, na wewe usijifanye watu wawili. Kisome kama mtu anayesoma kazi ya mwenzake. Kikiwa kibovu, utuambie ni kibovu na kwa nini. Kikiwa kizima, kiingie kama kilivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nataka kukiona cha pili kabla sijampa mtu karatasi ya kura."

Basi Fundi akakisoma. Safari hii hakukisoma kama mtu anayetafuta pa kuingizia sindano. Alikisoma toka juu mpaka chini, akarudi, akatengeneza wodi ya uongo yenye wauguzi wa uongo na kuwabadilishia zamu kila namna aliyoweza kuifikiria, ya usiku kwa ya mchana, mmoja kwa watatu, hata mtu na nafsi yake. Ukumbi ulimfuata kwa macho bila kuelewa kitu, isipokuwa kila lilipotokea neno kuku ukutani kulikuwa na mtu wa kuguna. Siku za kupumzika hazikupotea. Hata moja. Katikati ya kiraka palikuwa na hila ndogo ya hesabu ambayo yeye Fundi asingeifikiria, na alijikuta anatabasamu peke yake. Na kuku mkubwa, alipomsoma bila hasira, alikuwa muuguzi anayedai mapumziko mengi kuliko wenzake. Mbona ilieleweka tu.

Akaifuta ile kanuni ya Kobe, zikabaki sehemu mbili za kubonyeza, Hariri na Kubali. Kidole kilikwenda Hariri chenyewe. Jina moja tu, Fundi aliwaza, nibadilishe moja, kuku mkubwa tu, hakuna atakayejua. Mkono ulimwasha kama umeumwa na mbu. Alijua angebadilisha la pili, na la tatu, na jioni ingemkuta bado anashona, kiraka kimekuwa chake, na Mwalimu amecheka na kwenda zake kama siku zote.

"Bonyeza, mwanangu," ilisema simu. "Foleni inazidi."

Akabonyeza Kubali.

Ukumbi ulilipuka. Muuguzi mmoja ambaye hakuwa amepumzika Jumapili tangu mvua zilizopita alicheza katikati ya viti, wenzake wakampigia makofi ya kumfuata. Karatasi za kura hazikugawiwa. Matroni aliomba mikono, na ikapanda kila upande, wengine wameinua miwili. Akatangaza kwamba Zamu inabaki, kwamba chama kitatoa vijana wake wawili wa kompyuta wakae na Fundi siku moja kila juma mpaka waijue ndani na nje, kwamba Mama ataandikwa kwa jina lake barazani, na kwamba akaunti ya Kobe ifungwe leo hii, neno la siri na yote. "Tumeshamsimamia dakika moja," alisema. "Marehemu apumzike."

Katika vurugu hiyo Fundi alimtafuta Mwalimu amwone anavyoshangilia, akamkosa. Alimkuta nyuma kabisa, ameketi chini ya projekta, ameishika miwani mkononi, anatazama ukutani. Pale palikuwa na mstari mmoja unaojitokeza wenyewe kila kiraka kinapoingia: kubadilishana zamu, kazi ya Mwalimu. Kuku wote walikuwa wazima. Yule bwana wa kelele alikuwa analia, bila sauti, kasuku wa begani wameloa.

Fundi akaketi sakafuni kando yake, na gauni lake la kijani. "Nisamehe," alisema.

"Hapana, ni furaha," alisema Mwalimu. "Nimeingiza vingi humu, dada yangu. Hiki ndicho cha kwanza kilichosomwa na mtu mwingine na kuingia kama nilivyokiandika." Akajifuta kwa shati, akavaa miwani, akageuka na ule uso wake wa kucheka. "Nina vingine nyumbani. Niliogopa kuvituma."

"Vina kuku?"

"Vina bata."

Fundi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, na kicheko kikamtoka kabla ya neno.

"Vilete," alisema.